Nguzo, Mlingoti au Mnara? Lugha ya Kutambulisha Miundo ya Umeme katika Ramani Shirikishi za Mitaa ya Eastlands, Nairobi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza jinsi miundo ya umeme, yaani nguzo, minara, nyaya na transfoma, inavyopewa majina katika ramani shirikishi za mtandaoni. Mifano imetolewa katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Hoja kuu ni kwamba kumweka mlingoti kwenye ramani ni tendo la lugha kabla ya kuwa tendo la ufundi, kwa sababu mchoraji hawezi kutia alama yoyote pasi na kuamua kwanza kwamba kitu anachokiona ni cha aina gani. Makala yanaonyesha kwamba Kiswahili hakijapungukiwa na maneno ya kazi hii. Kilichopungua ni mgawanyo wa kazi baina ya maneno hayo. Inasisitizwa kwamba mgawanyo huo unagusa usalama wa wakazi. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya istilahi pamoja na maswali ya mjadala.

1.0 UTANGULIZI

Mnamo tarehe 11 Januari 2022, sehemu kubwa ya nchi ya Kenya ilikosa umeme. Chanzo chake kilikuwa kuanguka kwa minara ya laini kuu inayotoka Kiambere, kwenye Mto Tana, hadi Embakasi. Minara hiyo ilianguka katika eneo la Imara Daima, upande wa mashariki wa Nairobi, na serikali ilieleza kwamba ilikuwa imehujumiwa. Wakati huohuo, katika mitaa ya jirani, si ajabu nguzo ya mbao kuanguka kwa mvua na uchochoro mmoja ukabaki gizani kwa siku kadhaa bila tukio hilo kutajwa popote nje ya uchochoro wenyewe.

Matukio haya mawili yanaweza kuelezwa kwa sentensi moja ya Kiswahili cha kila siku: "Mlingoti wa stima umeanguka." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi na inaeleweka na kila mkazi wa Umoja, Kayole au Dandora. Hata hivyo, haimwambii msikilizaji iwapo kilichoanguka ni muundo wa chuma unaobeba kilovolti 220 au gogo la mkalitusi linalobeba volti 240. Katika mazungumzo, upungufu huo huzibwa na muktadha: msemaji huonyesha kwa kidole. Ramani haina kidole. Kila kitu kilichomo ndani yake hakina budi kujieleza kwa jina lake.

Suala hili linafaa kuwashughulisha wanafunzi wa Kiswahili, na si wahandisi na wachora ramani peke yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Lugha rasmi inayoshindwa kutofautisha nguzo na mnara inapohitajika kufanya hivyo itakuwa rasmi kwenye karatasi tu.

2.0 RAMANI SHIRIKISHI NA LUGHA YAKE

Ramani shirikishi ni ramani inayochorwa na watu wengi kwa kujitolea, kila mmoja akiongeza au kurekebisha kile anachokijua. Maarufu zaidi ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Nchini Kenya, mfano uliovuta macho ya wengi ni mradi wa Map Kibera, ulioanza mwaka 2009 kwa vijana wa Kibera kuchora mtaa wao ambao ramani nyingi za wakati huo ziliuonyesha kama eneo tupu. Baadaye kazi ya namna hiyo ilifika Mathare, upande wa Eastlands.

Ramani hii hujengwa kwa vipashio vichache. Kipashio cha kwanza ni nukta, ambayo huonyesha mahali pamoja. Cha pili ni njia, yaani mfululizo wa nukta zilizounganishwa. Nukta na njia zenyewe hazina maana. Maana huletwa na lebo. Kila lebo ina sehemu mbili: ufunguo, unaotaja uwanja wa maana, na thamani, inayotaja aina mahususi ndani ya uwanja huo. Kwa mfano, nguzo ya umeme huandikwa "power=pole", na mnara huandikwa "power=tower". Laini kuu ya kusafirisha umeme huandikwa "power=line", ilhali laini ndogo ya kuusambaza mtaani huandikwa "power=minor_line". Nguzo na minara huwa ni nukta zilizo juu ya njia, na njia ndiyo laini inayopita kutoka nguzo moja hadi nyingine.

Mwanafunzi wa isimu ataona mara moja kwamba huu ni mfumo wa ishara. Ferdinand de Saussure alifunza kwamba thamani ya ishara hutokana na tofauti yake na ishara nyingine katika mfumo uleule. Lebo ya nguzo ina maana kwa sababu ipo lebo nyingine ya mnara. Iwapo mchoraji atazitumia zote mbili ovyo, hatakuwa amekosea nukta moja tu, bali atakuwa ameibomoa tofauti iliyozipa lebo zote mbili maana.

Lebo hizo huandikwa kwa Kiingereza cha Uingereza na hazibadiliki kutoka nchi hadi nchi. Utaratibu huo una faida, kwani ramani ya Nairobi inaweza kusomwa na programu ileile inayosoma ramani ya Tokyo. Hata hivyo, mchoraji hazioni lebo hizo moja kwa moja nyakati zote. Programu za kuhariri ramani humwonyesha orodha ya majina ya vitu, na majina hayo yanaweza kutafsiriwa katika lugha yoyote. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Kijana wa Kariobangi anapofungua orodha hiyo kwa Kiswahili, neno atakalolikuta ndilo litakaloamua lebo atakayoichagua. Neno likiwa na utata, ramani nayo itakuwa na utata.

3.0 UMEME UNAVYOFIKA EASTLANDS

Istilahi haiwezi kupangwa vyema bila kukifahamu kitu chenyewe. Umeme wa mabwawa ya Mto Tana, kama vile Kindaruma, Kamburu na Kiambere, husafirishwa kwa laini za kilovolti 132 na 220 hadi vituo vikubwa vya Nairobi. Vitatu kati ya vituo hivyo vimo upande wa mashariki wa jiji: Juja Road, Dandora na Embakasi. Hii ndiyo sababu anga ya Eastlands ina minara mingi ya vyuma. Umeme unaotumika katika sehemu nyingi za jiji hupita kwanza juu ya mitaa hii.

Kutoka vituo hivyo, nguvu ya umeme hushushwa hadi kilovolti 66 na kupelekwa kwenye vituo vidogo. Huko hushushwa tena, aghalabu hadi kilovolti 11, na kusambazwa mitaani kwa nguzo. Hatimaye transfoma iliyo karibu na nyumba huishusha hadi volti 415 kwa mashine kubwa na volti 240 kwa taa, redio na pasi ya nyumbani.

Safari hii ina ngazi nne, na kila ngazi ina muundo wake. Aghalabu umeme wa kilovolti 220 na 132 hubebwa na minara ya fremu za chuma. Umeme wa kilovolti 11 hubebwa na nguzo za mbao au za zege. Umeme wa volti 240 hubebwa na nguzo za mbao zilizo fupi zaidi. Ngazi ya kilovolti 66 ndiyo yenye utata, kwa maana huweza kubebwa na minara mahali pamoja na nguzo ndefu mahali pengine. Mchoraji anayeainisha kwa kuangalia umbo na anayeainisha kwa kuangalia nguvu ya umeme hawatakubaliana kuhusu laini hii. Busara ni kuzitenganisha sifa hizo mbili: umbo liandikwe katika lebo ya nukta, na nguvu ya umeme iandikwe katika lebo ya njia. Nguvu hiyo huandikwa kwa volti, si kwa kilovolti, kwa hiyo laini ya kilovolti 66 huandikwa 66000.

Kuna tofauti nyingine inayohusu anayechora. Mnara wa chuma huonekana kwenye picha za setilaiti kwa sababu ya kivuli chake kirefu. Mtu aliyeketi Ujerumani au Japani anaweza kuufuata mnara mmoja baada ya mwingine kutoka Dandora hadi Kamburu bila kutoka nyumbani kwake. Nguzo ya mbao iliyo katikati ya mabati ya Mathare au baina ya maghorofa ya Pipeline haionekani kwa urahisi kutoka angani. Ili iingie ramanini, sharti mtu apite kwa miguu uchochoroni. Hata simu yake huweza kumkosesha kwa mita kadhaa, kwa kuwa maghorofa yaliyobanana huzuia mawimbi ya setilaiti. Kwa hiyo, minara huchorwa na ulimwengu, lakini nguzo huchorwa na wenyeji. Lugha ya wenyeji ndiyo inayobeba sehemu ile ya mtandao wa umeme iliyo karibu zaidi na maisha yao.

4.0 UCHUNGUZI WA MANENO

4.1 Nguzo, mlingoti na mnara

Neno "nguzo" ni la kale katika Kiswahili. Nguzo ni kile kinachosimamisha kitu kingine kisianguke: nguzo ya nyumba, nguzo ya boma na, kwa maana ya kiistiari, nguzo tano za Uislamu. Dhana ya msingi ni kubeba mzigo.

"Mlingoti" ni neno la baharini. Ni mti mrefu unaosimamishwa katikati ya jahazi ili kutundikiwa tanga. Kutoka hapo lilihamia kwenye mlingoti wa bendera, na katika Kiswahili cha Kenya likaenea hadi kwenye miti ya simu na ya stima. Dhana yake ya msingi si kubeba mzigo bali ni kusimama wima peke yake kikiwa na kitu kilichotundikwa juu.

"Mnara" lina asili ya Kiarabu na lina uhusiano na nuru na moto. Ni jengo refu ambalo aghalabu huonekana kutoka mbali: mnara wa msikiti, mnara wa kuongozea meli, mnara wa saa. Dhana yake ni jengo. Mnara hujengwa, haupandwi kama mti.

Maneno haya matatu basi si visawe kamili. Kila moja lina kiini chake cha maana, na viini hivyo vinaweza kugawiwa kazi bila kuyalazimisha maneno. Mnara uwe muundo uliojengwa kwa fremu za vyuma, unaobeba laini kuu. Nguzo iwe shina, liwe la mbao, zege au chuma, linalobeba laini ya usambazaji, hata pale ambapo mashina mawili yamesimamishwa pamoja kubeba transfoma. Mlingoti uachiwe kazi ambayo bado haijapata mwenyewe, nayo ni kubeba taa.

4.2 Mulika mwizi

Kazi hiyo ya mwisho inahitaji maelezo. Katika miaka ya 2000, taa kubwa zilizo juu ya milingoti mirefu zilianza kusimamishwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Wakazi waliziita "mulika mwizi". Jina hili limeundwa kwa kitenzi cha amri na nomino, na linaitaja taa kwa kazi yake, si kwa umbo wala kwa kampuni iliyoileta. Jina hilohilo limepewa pia simu ndogo zenye tochi.

Mtaalamu wa istilahi anaweza kulidharau jina hili kuwa ni la mzaha. Hata hivyo, ndilo jina pekee ambalo mkazi wa Korogocho au Mathare atalitumia akieleza kwamba taa haiwaki. Kwa upande wa ramani, ni muhimu mulika mwizi isichanganywe na nguzo ya umeme ya kawaida wala na mnara wa simu, maana vyote vitatu ni virefu na vyote vina nyaya. Pendekezo ni kwamba istilahi sanifu iwe "mlingoti wa taa", na jina la mtaa liruhusiwe kama neno la kutafutia, ili anayeandika "mulika mwizi" apelekwe kwenye lebo iliyo sahihi.

4.3 Waya, laini na kebo

"Waya" ni mkopo kutoka Kiingereza, lakini historia yake ya kimofolojia ni ya Kiswahili halisi. Sauti "w" ya mwanzo ilichukuliwa na wasemaji kuwa ni kiambishi cha ngeli, kama ilivyo katika wayo, wavu na wimbo. Kwa kuwa wingi wa maneno hayo ni nyayo, nyavu na nyimbo, wingi wa waya ukawa nyaya. Neno la kigeni lilipewa uraia kamili.

Tofauti ya umoja na wingi hapa si jambo dogo. Laini moja kwenye ramani huweza kuwa na nyaya tatu, sita au zaidi. Anayesema "waya umekatika" anataja uzi mmoja. Anayesema "laini imekatika" anataja njia nzima. Neno "laini" lina matatizo yake, kwani lina maana ya kitu kisicho kigumu, na nchini Kenya lina maana pia ya kadi ya simu. Hata hivyo, neno "njia" ambalo lingeweza kuchukua nafasi yake tayari linatumika ramanini kwa dhana nyingine, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 2.0. Kwa hiyo, "laini ya umeme" lina nafuu kubwa, mradi lisisimame peke yake. Uzi uliofukiwa ardhini uitwe "kebo".

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu nyaya za intaneti zilipojishikiza kwenye nguzo zilezile. Mtu akitazama nguzo moja ya Umoja au Donholm huenda akahesabu nyaya kumi, na chache tu kati yake ndizo zenye umeme. Mtoto anayeuokota waya ulioanguka hajui ni wa aina gani. Ramani inayotenganisha nguzo ya umeme na nguzo ya mawasiliano haiwezi kumkinga mtoto huyo peke yake, lakini huwapa walimu na wazee wa mtaa mahali pa kuanzia.

4.4 Stima, umeme na kupoza

Kenya husema "stima" mahali ambapo Tanzania husema "umeme". Stima ni neno lililotokana na jina la Kiingereza la meli ya mvuke, na kamusi bado zinaibeba maana hiyo. Umeme ni ule mmweko wa angani wakati wa mvua. Neno moja lilitoka baharini na jingine mawinguni, yote mawili yakakutana kwenye waya. Kwa istilahi za ramani, "umeme" linafaa zaidi kwa sababu linaeleweka pande zote, ingawa hakuna haja ya kumsahihisha mkazi anayesema stima.

Nchini Tanzania, kituo cha kushushia nguvu ya umeme huitwa "kituo cha kupozea umeme". Ni istiari nzuri: umeme mkali unapozwa kama uji kabla ya kupewa mtoto. Inafaa kabisa kwa Dandora na Juja Road, ambako nguvu hushushwa. Haifai kwa kituo kilicho kando ya bwawa, ambako nguvu hupandishwa kabla ya safari. Istilahi iliyojengwa juu ya istiari huchukua mipaka ya istiari hiyo. Kwa ramani inayotumia lebo moja kwa vituo vya aina zote mbili, "kituo cha umeme" ni salama zaidi, na kupoza kuachwe kwa maelezo ya kituo husika.

5.0 KISICHO RASMI: SAMBAZA NA NGUZO ZAKE

Swali gumu kuliko yote halihusu minara wala nguzo za kampuni. Linahusu nguzo zisizo za kampuni. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, umeme unaounganishwa kutoka nyumba hadi nyumba bila idhini huitwa "sambaza". Huko, waya huweza kubebwa na mti mwembamba uliochomekwa kwenye tope, na kupita juu ya mabati kwa urefu ambao mtu mzima anaufikia kwa mkono.

Je, mti huo ni nguzo? Mchoraji mmoja atauacha kwa hoja kwamba si mali ya mtandao halali. Mwingine atauita "kiguzo". Mwanafunzi wa fasihi anajua kwamba kiambishi "ki-" cha udogo hakipimi ukubwa peke yake, bali hubeba pia mtazamo wa msemaji, kama katika kijitu na kijumba. Kuuita mti huo kiguzo ni kuutolea hukumu kabla ya kuueleza.

Ramani shirikishi ina kanuni inayosaidia hapa: huchorwa kile kilichopo na kinachoweza kuthibitishwa na mtu mwingine akifika pale pale. Uhalali haumo katika kanuni hiyo. Waya wenye umeme hauulizi ni wa nani kabla ya kumdhuru mtu. Kwa hiyo, mti unaobeba umeme ni nguzo ya umeme, na udhaifu wake uandikwe katika lebo zinazotaja mata na hali yake, si katika jina lake.

Hata hivyo, kuna mpaka. Kuchora nguzo ni jambo moja, na kuchora waya kutoka nguzo hadi mlango wa mtu ni jambo jingine. Waya wa namna hiyo ukichorwa, ramani itakuwa orodha ya washtakiwa, na mkazi aliyemruhusu kijana wa jirani kupita uani kwake atakuwa amesalitiwa. Faida ya kujua hatari iliyopo uchochoroni hupatikana kwa nguzo na laini ya pamoja. Hakuna faida ya usalama inayopatikana kwa kutaja nyumba. Laini ya kuingia nyumbani isichorwe.

Wapo wanaohofu kwamba ramani itawaonyesha wezi wa transfoma mahali pa kwenda. Hofu hiyo ina msingi, kwani wizi wa mafuta na shaba za transfoma ni jambo linalojulikana Kenya. Lakini transfoma husimama barabarani mbele ya macho ya kila mpita njia. Mwizi haihitaji ramani ili aione. Anayeihitaji ramani ni mkazi. Mpango wa serikali ulioanzishwa mwaka 2015 ili kuwafikishia umeme wananchi wa kipato cha chini ulitumia umbali wa mita 600 kutoka kwenye transfoma kama kipimo cha nani ataunganishwa. Asiyejua transfoma iko wapi hawezi kujua iwapo yuko ndani au nje ya kipimo kama hicho, wala hawezi kudai haki yake.

Vivyo hivyo, chini ya laini kuu huachwa ukanda wa ardhi usiojengwa, kwa kawaida wa mita 30 kwa kilovolti 132 na mita 40 kwa kilovolti 220. Katika Eastlands, ukanda huo huvutia wauza mboga, mafundi wa jua kali na hata wajenzi wa nyumba. Mpangaji anayetafuta chumba hawezi kuupima ukanda asioujua. Laini iliyochorwa vyema na kuandikwa volti zake humpa angalau uwezo wa kuuliza.

6.0 MAPENDEKEZO YA ISTILAHI

Kutokana na uchunguzi uliotangulia, istilahi zifuatazo zinapendekezwa zijadiliwe na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili pamoja na wachora ramani wa mitaani:

(a) Mnara wa umeme: muundo wa fremu za vyuma unaobeba laini kuu.
(b) Nguzo ya umeme: shina la mbao, zege au chuma linalobeba laini ya usambazaji, liwe rasmi au lisiwe rasmi.
(c) Nguzo ya mawasiliano: shina linalobeba nyaya za simu au intaneti pekee.
(d) Mlingoti wa taa: mlingoti mrefu wa kumulikia eneo, jina la kutafutia, mulika mwizi.
(e) Laini kuu ya umeme: njia ya kusafirisha umeme wa nguvu kubwa.
(f) Laini ndogo ya umeme: njia ya kusambaza umeme mtaani.
(g) Waya, wingi nyaya: uzi mmoja mmoja wa laini.
(h) Kebo: uzi uliofukiwa ardhini.
(i) Kituo cha umeme: mahali pa kupandishia au kushushia nguvu ya umeme.
(j) Transfoma: neno libaki kama lilivyo, kwa kuwa limekwisha kukubaliwa mtaani. Ikiwa imetundikwa nguzoni, iandikwe kama sifa ya nguzo hiyo.

Pamoja na istilahi, yapo maagizo ya kazini ambayo hayana budi kuandamana nazo. Mchoraji asiguse nguzo wala waya, asipande, na asijaribu kupima urefu wa waya kwa kijiti. Apige picha akiwa mbali. Nguzo ikiwa na namba, aiandike kama ilivyo, kwa sababu namba hiyo huweza kumfikisha fundi mahali panapohusika mapema kuliko maelezo ya mdomo.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la "hiki ni nini?" hutangulia swali la "kiko wapi?", na kwamba swali hilo la kwanza ni la lugha. Kiswahili kina nguzo, mlingoti na mnara. Kina waya, laini na kebo. Kina mulika mwizi na sambaza. Kazi iliyobaki ni kukubaliana kila neno lifanye nini, kisha kuyaingiza maneno hayo katika programu ambazo vijana wa Eastlands wanazitumia. Kazi hiyo haihitaji maabara. Inahitaji wanafunzi walio tayari kutoka darasani, kutembea kutoka Shauri Moyo hadi Kayole, kusikiliza watu wanavyoviita vitu vyao, na kurudi na orodha iliyo sahihi. Siku mkazi wa Dandora atakapotoa taarifa kwamba nguzo imeanguka, na aliye upande wa pili akaelewa kwamba ni nguzo wala si mnara, lugha itakuwa imetimiza wajibu wake.

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza tofauti ya kimaana baina ya nguzo, mlingoti na mnara. Je, katika lahaja au eneo lako maneno haya hutumika vipi?
2. Taja mikopo mingine ambayo, kama waya, imepewa wingi kwa kufuata ngeli za Kiswahili, na ueleze utaratibu uliotumika.
3. "Istilahi iliyojengwa juu ya istiari huchukua mipaka ya istiari hiyo." Jadili kauli hii kwa kurejelea neno kupoza na mifano yako mwenyewe.
4. Je, ni sahihi kutumia jina lilelile kwa muundo halali na usio halali? Tetea msimamo wako kwa hoja za lugha na za maadili.